Matibabu bure, nauli je?

Mimi nasema wazi, kumpa mzee matibabu bure halafu ukamwachia nauli ahangaike nayo mwenyewe ni kumsaidia nusu. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali ukienda unakuta kabisa wazee wanapishwa foleni, hilo naipongeza serikali kwa moyo wote. Sasa kufika kwenye hiyo foleni ndo kasheshe.

Huku Mtwara hospitali ya kanda iko Mitengo, ya mkoa iko Ligula, mtu anatoka Msimbati au Nanyamba na presha yake na magoti yake. Nenda stendi asubuhi ujionee, haisi haijasimama vizuri watu washajazana mlangoni, bibi na mkongojo wake anasubiri wapungue, anashika chuma cha mlango, anainua mguu, ngazi iko juu, anaushusha, anajaribu tena, konda keshagonga bodi, "twende suka!" gari hilo linaondoka. Basi inabaki bodaboda, anapakiwa mshikaki na mjukuu nyuma wa kumshikilia, helmeti hamna, njia mchanga mtupu. Na mzee akivunjika nyonga jamani siyo kama kijana, wengine ndo hawatembei tena.

LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa ardhini, wakitoa leseni za daladala waweke sharti la ngazi ya chini ya kukunja, mafundi wa kuchomelea wanaiweza hiyo, na viti vya jirani na mlango viwe vya wazee, trafiki wakisimamisha gari waangalie na hilo pia.

Nauli sasa. Mwanafunzi ana nauli yake nafuu, mzee naye apangiwe. Najua mtasema makonda watawakimbia wazee kama wanavyowakimbia wanafunzi na ni kweli, mwenye gari ana mafuta na marejesho, huwezi kumbebesha mzigo huo peke yake, ndo maana nasema halmashauri ziwalipe hiyo tofauti. Hela ya kuanzia ipo, kila msimu zinachukua ushuru wa korosho, na mikorosho hiyo mingi waliipanda haohao akina babu na bibi tunaowaacha stendi. Madiwani wa Mtwara na Lindi, bajeti ijayo tunataka kuona fungu la nauli ya wazee.