Kutaja kosa si kujibu hoja

Msimu huu wa kupanda, kundi letu la familia la WhatsApp liliingia kwenye ubishi wa mbolea. Mdogo wangu mmoja, yuko mwaka wa pili chuo, alitaka shamba la bibi lipandwe kwa samadi tupu, mbolea ya dukani iachwe kabisa. Mjomba akamuuliza, "Wewe jembe umelishika lini?" Dogo hakusita: "Samahani Mjomba, hapo unamshambulia mtoa hoja, hoja hujaijibu." Akaongeza jina la kosa hilo kwa Kilatini, na kiungo cha orodha ya makosa ya kimantiki. Dakika mbili baadaye simu zikatujulisha kwamba Mjomba amejitoa kwenye kundi.

Nani alikuwa sahihi? Haraka haraka utasema dogo. Tumekua tukiambiwa hoja hujibiwa kwa hoja, na "nguvu ya hoja, si hoja ya nguvu" ni kauli ambayo kila mwanasiasa wetu ameitamka, hasa akiwa karibu kutumia hoja ya nguvu. (Hapo nimejumlisha kupita kiasi, najua. Nalo limo kwenye orodha ya dogo.)

Upande wake una uzito. Zamani si mbali, Mtanzania aliyetaka kusoma mantiki ilibidi aende seminari kuu, asomee falsafa chuo kikuu, au achukue hisabati ya kidato cha tano na sita, ambako mantiki ni mada moja tu kati ya nyingi. Leo anahitaji bando. Ensaiklopidia ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford iko mtandaoni tangu 1995, na kuisoma ni bure. P. D. Magnus amekiachia bure kitabu chake cha mantiki, forall x, hata walimu wengine wameruhusiwa kukipanga upya kwa ajili ya wanafunzi wao. Ensaiklopidia nyingine ya falsafa ya mtandaoni, IEP, inaorodhesha hoja potofu zaidi ya 200. Aristotle alihesabu 13: sita zinazotokana na lugha, saba zisizotokana nayo. Sidhani kama tangu enzi zake binadamu amegundua njia mpya karibu mia mbili za kukosea. Tumezidi kuwa hodari wa kutoa majina.

Majina hayo yana kazi, lakini. Kumbuka 2011, Samunge, Loliondo. Maelfu ya watu walikwenda kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, kikitajwa kutibu kisukari, saratani, hata UKIMWI. Foleni ya magari ilikatisha nyika, mawaziri walikuwamo, na wapo waliofia njiani. Zilizowavuta watu ni hoja tatu. Fulani alikunywa akapona. Wakubwa nao wamekwenda. Umati wote ule hauwezi kuwa wa wajinga. Zote tatu zina jina katika orodha yoyote ya makosa ya kimantiki, na kijana aliyezijua angalau angesita kabla ya kumpakia mgonjwa wake kwenye gari.

Ila kusita ndiko mwisho wa msaada wa orodha. Kujua kwamba "alikunywa, kisha akapona" si ushahidi wa tiba hakukuambii kama dawa inatibu au haitibu. Kwa hilo unahitaji kuuliza wangapi walikunywa wakafa, nani alipimwa sukari kabla na baada, nani aliacha vidonge vyake. Hayo si maswali ya mantiki, ni ya tiba na ya takwimu. Hoja mbovu inaweza kufikia jambo la kweli, na anayelikataa jambo kwa sababu tu limetetewa vibaya naye ametenda kosa lenye jina lake katika orodha ileile.

Kuna tatizo la pili, nalo linatuhusu zaidi sisi. Karibu vitabu na orodha zote hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mifano yake mingi ni mabishano ya Marekani. Tukitafsiri majina neno kwa neno tunapata vichekesho kama "mtu wa majani" (straw man), wakati Kiswahili kina "kumlisha mtu maneno", ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Anayejitetea kwa kusema "hata wewe unafanya" tunamjua: humrushia mwenzake "nyani haoni kundule". "Mtoto wa nyoka ni nyoka" na "samaki mmoja akioza wote wameoza" ni hoja potofu kamili zilizovaa kanzu ya hekima. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja" imezibwa pande zote, huwezi kuiangusha kwa ushahidi wowote. Mwalimu angeweza kufundisha muhula mzima kwa methali peke yake.

Nanyi mtaona ugumu ulipo, kwa sababu samaki mmoja tengani akioza kweli unaanza kuwanusa wenzake. Kosa haliko katika maneno, liko katika mahali yanapotumiwa. Hilo wenye taaluma wamelibishania sana. Mwaka 1970 Charles Hamblin, mwanafalsafa wa Australia, aliandika kwamba vitabu vya kiada vilikuwa vikirithishana orodha za makosa bila nadharia ya kueleza kwa nini ni makosa. Douglas Walton wa Kanada akaja kuonyesha kwamba mengi ya "makosa" hayo huwa halali kwenye mazungumzo fulani na haramu kwenye mengine. Chukua lile la kumshambulia mtoa hoja. Sheria za Ushahidi za Kenya na za Tanzania zinamruhusu wakili kuhoji uaminifu wa shahidi. Elimu ya hadithi za Mtume imejengwa juu ya kumchunguza msimulizi: alikuwa mkweli, alikuwa na kumbukumbu nzuri? Pale ambapo kinachotolewa ni ushuhuda wa mtu, mtu mwenyewe ni sehemu ya hoja.

Kwa hiyo ningemshauri anayeanza aziache orodha kwanza aende kwenye umbo la hoja. Mvua kubwa ikinyesha, barabara pale Jangwani, Dar es Salaam, hufungwa, barabara imefungwa, basi mvua imenyesha. Hapana, huenda wanaikarabati. Hili halitegemei mazungumzo wala msemaji, na linahitaji mazoezi kuliko kukariri. Mwaka 1966 Peter Wason aliwawekea watu kadi nne mezani, tuseme A, K, 4 na 7, kila moja ikiwa na herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kadi yenye A ina 4 nyuma yake. Ugeuze zipi kuihakiki? Wengi huchagua A na 4. Jibu ni A na 7, maana 7 yenye A nyuma yake ingeivunja kanuni, ilhali 4 haiwezi kuivunja, na katika majaribio ya aina hii wanaopatia hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Lakini kanuni ilipobadilishwa ikawa ya umri na unywaji wa bia, katika jaribio la Richard Griggs na James Cox lililochapishwa 1982, karibu robo tatu walipatia.

Iweke ndani ya daladala. Anayelipa nauli ya mwanafunzi lazima awe na kitambulisho. Mmoja amelipa ya mwanafunzi, mwingine ya mtu mzima, wa tatu ameshika kitambulisho, wa nne hana. Konda wa Mbagala atawafuata wa kwanza na wa nne bila kuwaza. Mantiki anayo, ila hajafundishwa kwa lugha na mazingira anayoyajua, na hapo ndipo kozi nyingi za bure zinapotuacha.

Ubishi wa nani aisome mantiki ni wa kale. Katika shairi lake la kufundishia, Sullam, al-Akhdari, mwanazuoni wa Kiislamu wa Algeria ya karne ya 16, anataja kauli tatu: wanazuoni Ibn Salah na Imam Nawawi wameiharamisha, wengine wamesema inafaa ijulikane, na kauli mashuhuri ni kwamba anaruhusiwa mwenye akili pevu aliyekwisha kubobea katika Kitabu na Sunna. Maarifa kwanza, chombo baadaye. Nakubaliana nayo nusu. Ujumbe wa uongo haumsubiri kijana abobee, unamkuta kitandani asubuhi.

Ndiyo maana simlaumu dogo kwa kusoma. Tatizo ni kwamba hoja yake yote ilikuwa "samadi ni ya asili, na cha asili ni bora", nayo imo kwenye kiungo alichotutumia. Hakuwa na kipimo cha udongo wala mavuno ya shamba lolote. Alichotoa ni ushuhuda wake, na Mjomba akauliza swali linaloulizwa mashahidi.

Bibi aliagiza Mjomba arudishwe kundini, akaamua shamba lipandwe nusu kwa nusu. Mahindi sasa yanafika magotini. Mjomba ameshatuma picha ya upande wake. Dogo amejibu kwamba picha moja haitoshi, na safari hii Mjomba amemuuliza angetaka ipimwe mistari mingapi.