Namba Hazipotei Tena na Simu, ila Ziko kwa Nani?

Wapo watu ambao hadi leo wanashikilia kwamba namba za simu zikae kwenye laini, basi. Mimi siungani nao, lakini hoja yao ina uzito kuliko tunavyoikubali.

Laini ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Ujerumani, ikauzwa kwa mtandao wa Radiolinja wa Ufini. Kwa miaka mingi kadi hiyo ndiyo ilikuwa daftari letu. Laini nyingi zilibeba majina yasiyozidi 250, na kila jina lilipewa nafasi ya herufi kama 14 tu, hivyo "Mwalimu Hisabati" akabaki "Mwalimu Hisaba". Mwenye namba mbili aliandikwa mara mbili. Lakini ulichomoa kadi, ukaichomeka kwenye simu nyingine, na watu wako wote wakakufuata bila nywila wala intaneti. Ubaya wake ulijulikana siku simu ilipoibiwa. Kampuni ya simu ilikurudishia namba yako kwenye laini mpya, ila laini hiyo ilikuja tupu.

Baadaye kumbukumbu ya simu yenyewe iliongeza nafasi ya barua pepe na picha, lakini simu ikizama majini, navyo vilizama.

Akaunti ndiyo iliyobadilisha mambo. Tangu simu za Android zilipoingia sokoni mwaka 2008, majina yamekuwa yakihifadhiwa pia kwenye seva za Google, yaani kompyuta zake za mtandaoni. Unanunua simu mpya, unaingiza barua pepe na nywila, na muda si mrefu orodha nzima imerudi. Hata ukifuta majina kwa bahati mbaya, una siku 30 za kuyarejesha. Kwa aliyewahi kuomba namba upya kwa kila rafiki, hili si jambo dogo.

Hata hivyo, orodha inayosafiri kirahisi hivyo huchukuliwa kirahisi pia. Mwaka 2012 iligundulika kwamba programu iitwayo Path ilikuwa ikipeleka orodha nzima za majina ya watumiaji kwenye seva zake bila kuwauliza. Mwaka huohuo Apple, kupitia iOS 6, mfumo unaoendesha simu zake za iPhone, ikazilazimisha programu ziombe ruhusa kwanza, na Android 6.0 ya mwaka 2015 nayo ikaanza kumuuliza mtumiaji wakati programu inapoihitaji orodha. iOS 18 ya mwaka 2024 imeongeza uwezo wa kuchagua majina machache tu ya kuonyesha.

Ni hatua nzuri, lakini kwangu kiini cha tatizo bado kipo: anayebonyeza "Ruhusu" siye mwenye namba. Ukikubali, umetoa namba ya shangazi yako ambaye hajawahi kuisikia programu hiyo. Na si namba tu. Tunavyowaandika watu kuna siri ndani yake: "Dk Kisukari" inatangaza ugonjwa wako, "Wakili Talaka" inatangaza ndoa yako. Kwenye laini maneno hayo uliyasoma peke yako.

Tena akaunti nayo hufungika. Simu ikiibiwa pamoja na laini, mara nyingi akaunti hutaka tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye laini ileile iliyoibiwa. Hapo unahitaji kumpigia mtu akusaidie, na namba yake hujawahi kuikariri kwa sababu simu ilikukariria.

Pamoja na hayo yote, bado nachagua akaunti, kwa sababu simu hupotea mara nyingi mno. Ila programu ya tochi au mchezo haina haja ya kujua watu wangu, nami huinyima. Mara mojamoja toa nakala ya majina yote kama faili la vCard, muundo ambao simu karibu zote huusoma, ulihifadhi nje ya simu. Na namba za watu wawili watatu wa karibu kabisa, ziandike kwenye karatasi.