Kahawa Ghali Haiwekwi Akiba

Wapo wanaonunua kahawa ya bei mbaya kisha wakaificha kabatini wakisubiri mgeni wa maana. Mgeni anakuja miezi minne baadaye, anamiminiwa maji meusi yenye jina kubwa, anasifu kwa adabu. Mimi nasema kahawa ya namna hiyo inunuliwe kidogo, inywewe upesi, na wa kwanza kuionja awe aliyetoa pesa yake.

Hebu tujiulize, pesa hiyo inalipia nini hasa? Uchungu hata kahawa ya bei poa inao, na kuchangamsha inachangamsha vilevile. Tunacholipia ni harufu, na harufu ndiyo inayotoroka kwanza. Chukua Geisha, aina mojawapo ya kahawa ghali. Mbegu yake ilitoka Ethiopia, ikapitia kituo cha utafiti cha Lyamungu, Tanzania, ikapelekwa Costa Rica mwaka 1953, kisha ikafika Panama. Huko ilikaa miaka mingi bila kutazamwa na mtu, mpaka mwaka 2004 shamba la Hacienda La Esmeralda lilipoipeleka mashindanoni bila kuichanganya na kahawa nyingine. Waonjaji wakakuta harufu ya asumini kikombeni, na bei ya mnadani ikapaa. Ukiacha ile asumini ipotee, umebaki na nini?

Hata zile alama zinazotajwa kwenye pakiti zina masharti yake. Kahawa huitwa ya daraja la juu ikipata 80 au zaidi kati ya 100, lakini kwa utaratibu wa waonjaji, sampuli huwa imekaangwa ndani ya saa 24 kabla ya kuonjwa, na husagwa dakika chache tu kabla ya kutiwa maji. Alama 88 hazikutolewa kwa unga uliokaa kwenye kopo tangu msimu uliopita.

Sisemi uikimbilie siku ileile iliyotoka kikaangoni. Punje mpya zimejaa gesi ya kaboni dioksaidi, na gesi hiyo huyazuia maji kupenya vizuri. Iache wiki moja hivi; iliyokaangwa kidogo inaweza kuhitaji zaidi. Baada ya hapo una wiki chache za raha. Kwa hiyo kabla ya kusoma maneno matamu ya maua na matunda, tafuta tarehe ya kukaangwa. Pakiti isiyo nayo mimi huirudisha rafuni.

Kama bajeti ni finyu, afadhali ununue kinu kizuri kabla ya kahawa nzuri. Mashine ya visu hukatakata ovyo: vumbi huku, mapande kule. Vumbi linatoa uchungu mwingi, mapande yanabaki na uchachu mkali, vyote katika kikombe kimoja, halafu lawama anabebeshwa mkulima. Kinu cha mkono cha kusaga kwa meno kinatosha kabisa. Maji nayo yasiwe ya chokaa nyingi, maana chokaa huua uchachu mzuri.

Mengine ni mepesi. Gramu 15 kwa mililita 250 za maji yaliyotoka kuchemka. Mimina kidogo kwanza, ngoja kama nusu dakika unga uumuke na kutoa gesi yake, ndipo uendelee. Kisha usiiharakishe. Ikiwa ya moto sana ulimi hauoni kitu. Ikishapoa kidogo ndipo utamu na ladha ya matunda vinajitokeza, na mara nyingi funda la mwisho huwa tamu kuliko la kwanza. Na sukari? Onja kwanza, halafu fanya utakavyo. Kikombe ni chako.

Pakiti ya gramu 250 inatoa vikombe 16 hivi. Kwa mnywaji mmoja wa kikombe kwa siku, hiyo inaisha ikiwa bado ina nguvu. Ukiona bei inauma, changieni wawili na mgawane nusu kwa nusu. Na kama lazima uweke, gawa vipimo vidogo kwenye vifuko visivyoingiza hewa, uvitie kwenye friza, utoe kimoja kimoja. Usiiache wazi kwenye friji ikavuta unyevu na harufu za vyakula.