Siku Niliyomuua Mama Mkwe kwa Kidole Gumba

Miwani yangu ilikaliwa na mwanangu wa mwisho Jumapili jioni, mpira ukiwa dakika za nyongeza. Kukasikika ka! Nikadhani ni bisi. Aliponyanyuka, kioo cha kushoto kilikuwa vipande vitatu, cha kulia kina ufa katikati, na fremu imebaki na mkono mmoja kama ajuza aliyeshika kiuno.

Nina miaka 47. Mtaalamu wa macho alishanieleza kwamba mtu akivuka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho inaanza kuwa ngumu, haiwezi tena kujinenepesha ili uone cha karibu. Ndiyo maana watu wa rika langu tunasoma gazeti tumelinyoosha mbele, utadhani tunampa mtu. Mbali naona vizuri tu. Bajaji ikija kutoka mwisho wa mtaa naitaja hadi rangi. Lakini ukinipa simu yangu mwenyewe, naiona kama kipande cha sabuni.

Na mimi ni mtunza stoo. Jumatatu fundi aliomba boliti za milimita 12, nikampa za 17, akarudi, nikampa za 17 nyingine. Nilifunga miwani kwa selotepu lakini wapi, ndani ya saa moja ilikuwa imeshaanguka kwenye debe la grisi. Bosi akaniita: "Kesho usije. Shughulikia bima yako, urudi hapa na macho."

Bima! Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza mwaka 2001, mshahara wake ukawa unakatwa asilimia 3, mwajiri naye anaweka 3, mzee akapewa kadi. Akiumwa anakwenda na kadi dirishani, basi. Sisi wa kampuni binafsi tuna bima yetu nyingine, na huko siku hizi hakuna dirisha. Kuna "ingia kwenye akaunti yako". Macho yana kifungu chake na kikomo chake, na huendi kwa mtu wa miwani kabla hujaomba idhini mtandaoni. Kwa maneno mengine, ili upate miwani ni lazima kwanza uweze kusoma bila miwani. Nani alikaa akapanga hivyo, sijui, ila alikuwa kijana.

Jumanne saa 2 asubuhi nikakaa mezani, simu mkononi. Mke wangu ameshakwenda sokoni kwenye vitenge vyake. Binti yangu wa kidato cha pili, ambaye ndiye aliyenifungulia ile akaunti mwaka juzi na ndiye aliyechagua neno la siri, yuko shuleni, na kule simu hairuhusiwi. Mtuhumiwa wa miwani alikuwa chini ya meza anakula andazi.

Nikabonyeza "Umesahau neno la siri". Wakataka namba ya NIDA. Ile namba ina tarakimu 20, na nane za kwanza hazisumbui kwa kuwa ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Zile 12 zinazofuata ndizo zilizonimaliza. Kadi nimeishika mkono wa kushoto nimeunyoosha hadi dirishani, simu mkono wa kulia nimeunyoosha hadi kwenye kabati. Jirani angechungulia angesema ninasulubiwa.

Halafu wakatuma namba ya uthibitisho kwenye meseji. Tarakimu sita, dakika tano. Hapo ndipo nilipogundua chupa ya maji. Ukiilaza chupa iliyojaa juu ya kioo cha simu, herufi zinanenepa vizuri kabisa. Ukiinyanyua kidogo tu, zinageuka, wa mwisho anakuwa wa kwanza. Nilikosea mara mbili kwa sababu ya kuinyanyua. Mara ya tatu niliziandika kwa makapeni kwenye boksi la viatu, kubwa kama namba za mgongoni mwa wachezaji, nikaingia.

Kabla sijafurahi: "Thibitisha kuwa wewe si roboti. Chagua picha zote zenye bomba la zimamoto." Wenzangu mlioishi mitaa ya Temeke mniambie, mmeliona wapi hilo bomba? Mimi nalijua kwa hizohizo picha tu, kitu kifupi chekundu chenye mikono miwili. Asubuhi ile kila kitu kifupi chekundu kilikuwa bomba. Nikachagua boksi la posta, nikachagua mkia wa gari, na nadhani nilichagua na mama mmoja aliyevaa koti. Jaribu tena. Jaribu tena. Nina hakika roboti lingeshapita zamani.

Neno jipya la siri nalo likawa na yake. Nikaandika neno nililolibuni palepale, herufi kubwa, ndogo, tarakimu, alama ya mshangao. Mfumo ukajibu kwamba hilo ndilo neno ninalotumia sasa, niweke jingine. Yaani nilikuwa nalikumbuka muda wote! Nilikaa kimya kama dakika moja. Hata yule wa chini ya meza aliacha kutafuna.

Hatimaye nikawa ndani. Orodha ya majina: mimi, mke, watoto watatu, na mama mkwe wangu aliyeko Muheza, maana mwajiri wetu anaruhusu kuweka mzazi mmoja, na wangu wameshatangulia. Majina yenyewe sikuyasoma, niliona mistari sita. Sasa kwenye orodha yoyote ya ofisi yetu, iwe ya mishahara au ya zawadi za sikukuu, stoo huwa mwisho. Kwa mazoea hayo nikashuka mstari wa mwisho, nikijua ndio mimi.

Mwisho wa mstari kulikuwa na vitufe viwili, vyote vinaanza na O. Leo najua kimoja kimeandikwa Ona na kingine Ondoa. Leo najua pia kwamba kile cha Ondoa ni chekundu. Lakini mtu aliyetoka kutafuta mabomba ya zimamoto nusu saa nzima, akiona chekundu, kidole kinakwenda chenyewe.

Ikafunguka orodha fupi. "Chagua sababu." Nikaleta chupa ya maji, ila maji yalikuwa yamepungua kwa kuwa nimekunywa kwa hasira. Nikaona neno fupi la herufi nne, linaanza na K, linaishia na O. Kioo. Nikasema moyoni, hawa watu bwana wamejipanga, wanajua kuna mwenye shida ya fremu na mwenye shida ya kioo. Nikachagua kioo.

"Tarehe ya tukio." Jumapili.

"Maelezo mafupi." Nikaandika: Kukaliwa na mtoto kwenye kochi.

"Una uhakika?" Sana.

"Ombi lako limepokelewa. Pole sana." Nilisikia raha. Mashine yenye utu kiasi hiki!

Haikupita robo saa, akapiga afisa utumishi wetu, mama mmoja mpole sana. Sauti imeshuka: "Kaka, nimepata taarifa kutoka bima. Pole mno. Imekuwaje ghafla hivyo?"

"Asante dada. Ndiyo mambo yenyewe. Mtoto alikaa juu yake wakati tunaangalia mpira."

Kimya. "Mtoto… alikaa?"

"Alijirusha kwenye kochi, hakuangalia. Tukasikia ka! Basi."

"Jamani. Na hospitali hamkuwahi?"

"Hospitali ya nini? Nilijaribu kufunga kwa selotepu."

Nikamsikia anameza mate. "Kaka, uko na mtu hapo nyumbani?"

"Nipo na huyohuyo mtoto. Simgombezi, ameshaelewa. Na tuseme ukweli dada, umri nao ulikuwa umekwenda, miaka minne sasa. Nilikuwa nataka kubadilisha tangu mwaka jana, bima ndiyo ilikuwa inanichelewesha."

Akasema Mungu anitie nguvu, akakata. Nikajiambia kumbe huyu mama ananijali hivi, sikuwahi kujua.

Akapiga bosi: "Ni pengo kubwa." Nikamjibu kubwa sana bosi, hata kusoma siwezi. Akasema naelewa, hata mimi alipoondoka wa kwangu sikusoma kitu wiki nzima. Wakapiga watu wa karakana, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho akaniuliza kosta iwe na siti ngapi na tunaondoka saa ngapi.

"Kwenda wapi?"

"Si Muheza?"

Kutoka Dar es Salaam hadi Muheza ni zaidi ya kilomita 300. Nikamwambia hapana ndugu yangu, miwani hata Kariakoo inapatikana. Naye akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Pumzika kaka. Pumzika kabisa."

Nilikuwa bado nayawaza hayo niliposikia kilio kinakuja kutoka barabarani. Hicho sikuhitaji miwani kukiona. Mke wangu, kanga kichwani, viatu mkononi, nyuma yake wanawake wanne wa sokoni wamemshika, na nyuma yao mwenyekiti wa kikundi chao na daftari la michango. Kumbe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ilishabandikwa tanzia tangu saa 4, ina waridi na mshumaa, jina la mama yake limeandikwa kwa herufi za dhahabu, na chini yake namba ya kutuma rambirambi. Mke wa fundi mmoja alimpigia kumpa pole akiwa anampimia mteja kitenge.

"Umejua tangu asubuhi hujaniambia!"

"Nimejua nini?"

Wale wa sokoni wakaangalia chini. Mmoja akasema polepole kwamba mshtuko huwa hivyo, mwacheni.

Mama alikuwa hapatikani kwenye simu. Tukapiga mara kumi. Mke wangu kaanguka kwenye kochi lilelile, na mimi sasa machozi yananitoka kwa kuwa wote wanalia, na kuna kitu kinanikwaruza moyoni kuhusu kile kitufe chekundu. Simu ikalia. Namba sikuiona, nikapokea.

"Mwanangu," ikasema sauti ya mama mkwe. "Hujambo?"

Mimi na mkwe wangu tunaheshimiana. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, hali ya mvua na watoto. Siku ile nilimpigia kelele sikioni.

"Punguza sauti, niko hospitali," akasema. "Nimekuja kliniki yangu ya presha. Hapa dirishani kijana ananiambia kwenye kompyuta nimekufa tangu Jumapili, hawezi kunipa dawa. Nimemuuliza kama nimekufa hiyo presha aliyonipima ni ya nani, iko 160. Hana jibu. Wewe una jibu?"

Mke wangu akaninyang'anya simu. "Mama, ni wewe?"

"Sasa awe nani?"

Kisha mke wangu akanigeukia mimi. Hayo yaliyofuata ni ya ndani ya nyumba.

Kupiga simu huduma kwa wateja kulinipa muziki wa dakika 11, halafu kijana mmoja akanisomea faili langu neno kwa neno: "Mtegemezi ameondolewa. Sababu, kifo. Maelezo, kukaliwa na mtoto kwenye kochi." Akakohoa. Nilimsikia kabisa anafunika kipaza sauti kwa mkono na wenzake wanacheka nyuma. Kuua, akanieleza, ni hatua moja. Kufufua kunahitaji barua ya mtendaji wa kijiji, yenye picha na muhuri.

Kwa hiyo mama mkwe, siku hiyohiyo, kwa miguu yake, alikwenda kwa mtendaji kuomba kuandikiwa kwamba hajafa. Barua ninayo hadi leo. Inasema: "Namtambua mtajwa hapo juu kuwa ni mkazi wa kijiji changu na yu hai hadi ninapoandika barua hii saa 8 mchana." Hilo la saa aliliweka kwa tahadhari. Ilichukua siku tatu bima kumrudisha duniani, na dawa za wiki ile alinunua kwa hela yake.

Ikabaki rambirambi. Wenzangu walikuwa wameshachanga 186,000. Nikataka kurudisha, afisa utumishi akasema ofisini hakuna utaratibu wa kurudisha, msiba haujawahi kufutwa. Tukiwa tunajadiliana, mama akapata habari, na akatuma ujumbe kupitia kwa mwanawe kwamba kama kuna hela ilichangwa kwa ajili ya kufa kwake, aliyekufa ni yeye. Nikamtumia yote, na ya kutolea. Amenunua mbuzi wawili. Jike amempa jina langu.

Idhini ya miwani nilipata wiki iliyofuata, safari hii binti yangu ndiye aliyebonyeza. Na mama mkwe, ambaye miaka 19 tulikuwa tunasalimiana kwa mbali, sasa kila Jumanne ya kliniki ananipigia kabla hajatoka nyumbani.

"Mwanangu, hebu angalia huko. Leo nipo?"

Namwambia mama subiri kidogo, ngoja nivae miwani.