Moto, udongo na siku za katikati

Mwaka 2005 Askofu Mkuu mstaafu wa Kanisa la Anglikana nchini Kenya, Manasses Kuria, alipofariki, mwili wake haukuzikwa. Ulichomwa kwenye tanuru jijini Nairobi, kama wa mkewe Mary miaka mitatu kabla yake. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Wangari Maathai, aliyekwisha kusema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Alipelekwa kwenye tanuru la Kariokor ndani ya jeneza la mianzi, gugumaji na mafunjo. Wote watatu walikuwa Wakristo, na kila safari mjadala uliwaka upya makanisani: je, Mkristo achomwe?

Wanaokataa huanza na Maandiko. Abrahamu alinunua pango la Makpela amzike Sara. Yosefu aliapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake Misri, na Musa akaibeba. Bwana mwenyewe alilazwa kaburini. Zaidi ya hayo, katika Amosi 2:1 Mungu anamhukumu Moabu kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Hoja hii ya mwisho ndiyo hutajwa sana mimbarani, na ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa kosa la Moabu lilikuwa kumdhalilisha adui hata baada ya kufa. Watu wa Yabesh-gileadi waliichoma miili ya Sauli na wanawe, wakaizika mifupa, wakafunga siku saba (1 Samweli 31), na Biblia inalisimulia tendo lao kama la ushujaa na heshima.

Hofu kwamba moto utazuia ufufuo ilijibiwa zamani. Mwaka 177 huko Lyon watesi waliichoma miili ya mashahidi na kuyatupa majivu katika mto Rhône, makusudi, ili waumini wakate tamaa ya kufufuka. Kanisa halikukata tamaa. Kwetu huku mfano uko karibu zaidi: tarehe 3 Juni 1886 mashahidi Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo, Uganda, na kila mwaka mahujaji huenda pale kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na kwingineko. Hakuna hata mmoja anayeuliza watafufukaje. Roma nayo iliruhusu kuchoma mwaka 1963, mradi sababu isiwe kukana imani. Mwongozo wa mwaka 2016 ukafafanua kwamba kuzika ndiko kunakopendelewa, na majivu yasimwagwe wala yasigawanywe kiholela, bali yawekwe mahali patakatifu. Waorthodoksi kwa kawaida bado hawakubali.

Kwa hiyo kiteolojia naona mlango uko wazi. Lakini upande wa udongo una hoja moja ambayo watetezi wa moto huipuuza, nayo inahusu majonzi zaidi kuliko mafundisho. Mazishini kila mtu ana kazi. Vijana wanachimba, wazee wanasema, mjane anatupa konzi ya udongo, koleo zinapokezanwa mpaka tuta linainuka. Mwili wa aliyefiwa unashiriki kuaga. Kwenye tanuru mlango wa chuma unafungwa, fundi mmoja anabonyeza kitufe, na jamaa wanarudi nyumbani saa tano asubuhi wakiwa hawajui wafanye nini na mikono yao. Familia nyingi zilizojutia kuchoma hazijutii majivu, zinajutia kukosa mahali. Anayechagua moto bila kupanga kaburi la majivu anawaachia wenzake msiba usio na anwani.

Upo pia upande wa haki. Kaburi ni hati. Kwa jamii nyingi za Kenya, mahali alipozikwa mtu panasema ardhi ni ya nani na watoto ni wa ukoo gani. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mkewe Wambui alitaka amzike karibu na Ngong, ukoo ukataka Siaya, na mwili ukakaa miezi mitano hadi mahakama ilipoamua ukoo ndio wenye haki. Akazikwa Nyalgunga, Mei 1987. Mjane mwenye kesi kama hiyo leo anaweza kuona moto kama njia ya kukwepa vita. Hata hivyo moto unaweza pia kumgeuka: asipokuwa na kaburi shambani, shemeji atauliza ana uhusiano gani na shamba hilo. Na wosia wa marehemu haumlindi kikamilifu, kwa sababu mahakama za Kenya huuzingatia lakini hazifungwi nao.

Sasa mazingira, ambapo pande zote mbili hujisifu kupita kiasi. Tanuru la kisasa hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi kwa saa moja na nusu au mbili, likiunguza gesi au dizeli muda wote huo. Ikitumika kuni, mwili mmoja hula kilo 400 hadi 500. Anayechagua moto ili kuokoa mti wa jeneza, kisha akachomwa kwa kuni, ameokoa mbao na kuteketeza mti mzima. Jeneza lenye vanishi nzito, mishikio ya plastiki na sponji huongeza moshi wa sumu. Upande wa pili, kaburi letu la siku hizi si udongo tena. Ni saruji, nondo, vigae, na jeneza la mbao ngumu lililochongwa mapambo, ndani yake mwili uliojazwa dawa.

Dawa hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mtu mzima hutiwa lita kumi hivi za mchanganyiko wenye formalini kupitia mshipa mkubwa, ili asiharibike. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka kemikali yake kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayeivuta kwanza ni mhudumu wa mochari, mara nyingi bila kipumulio cha maana, halafu baki yake inaingia ardhini. Na inatiwa kwa sababu moja: tunachelewa kuzika.

Hapo ndipo naona mjadala umekosea njia. Tunabishana kuhusu moto na udongo huku gharama, deni na sumu vikizaliwa katika wiki moja au mbili zilizo katikati ya kifo na mazishi. Kila siku mochari inatoza. Kila jioni waombolezaji wanakula. Kamati inakutana, inapanga hema, vyombo vya muziki, sare na mabasi, na michango inafuata bajeti badala ya bajeti kufuata michango. Sababu za kuchelewa si za kipuuzi zote: mtoto yuko ughaibuni, au hospitali imekatalia mwili kwa bili. Hili la pili ni suala la haki moja kwa moja. Mahakama Kuu ya Kenya imewahi kuamua kuwa maiti si mali wala haiwezi kushikwa kama rehani ya deni. Mchungaji anayelijua hili na kuandamana na familia hadi ofisi ya hospitali ametenda huruma kuliko mahubiri ya saa nzima. Kuchelewa kwa sababu nyumba ya kijijini haijapakwa rangi ni habari nyingine.

Mkristo wa Mombasa hana haja ya kusafiri kujifunza namna nyingine. Avuke uchochoro tu. Jirani yake Mwislamu aliyefariki alfajiri ameoshwa, amevishwa sanda na huenda amezikwa kabla ya jua kutua, bila formalini na bila kamati.

Kwa parokia inayotaka kujaribu, mambo yenyewe ni machache. Mwili uhifadhiwe kwa ubaridi badala ya dawa, na uzikwe ndani ya siku tatu. Sanda ya pamba, au jeneza la mbao laini kama msindano, bila vanishi wala bitana ya nailoni. Kaburi liwe mbali na kisima, na chini yake ibaki angalau mita moja ya udongo kabla ya kufika kwenye maji. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji mwili hauozi vizuri, kwa hiyo eneo lipimwe wakati wa masika, si kiangazi. Tuta lirundikwe juu maana litadidimia, na zege likingoja mwaka huenda hakuna atakayelitaka tena.

Anayechagua moto naye ana mambo yake. Daktari aulizwe kama marehemu alikuwa na kifaa cha kusawazisha mapigo ya moyo. Kiondolewe, betri yake hulipuka tanuruni. Ibada ifanyike mwili ukiwepo, ndipo uende motoni. Jeneza liwe jepesi. Baada ya kupoa, mifupa husagwa na familia hupewa kilo mbili au tatu za majivu, hivyo iamuliwe mapema nani atayapokea na yatazikwa wapi.

Mwafaka ambao wazee wengi wanaweza kuukubali ni kuyazika majivu hayo nyumbani, katika shimo dogo, kwa konzi zile zile za udongo na msalaba ule ule. Chombo chake kinaenea mapajani ndani ya basi la usiku kwenda Kakamega, kwa nauli ya abiria mmoja.