Kevin Macdonald na Uganda ya Amin: shahidi ni nani?

Filamu ya The Last King of Scotland (2006), kuhusu utawala wa Idi Amin nchini Uganda, ikitajwa, watu hugawanyika. Wapo wanaosema Kevin Macdonald, mwongozaji mzaliwa wa Glasgow, aliitendea Uganda haki. Wapo wanaosema aliichukua historia ya Waganda akamkabidhi kijana wa Kizungu wa kubuni, daktari Nicholas Garrigan.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Sehemu kubwa ya filamu aliipigia Uganda kwenyewe. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili amwigize Amin, na Oscar ya 2007 aliitolea jasho. Tazama pale Amin, akishatibiwa mkono, anapoitamani fulana ya Scotland aliyovaa Garrigan: anavua shati lake la kijeshi, wanabadilishana palepale njiani. Uso umechangamka kama wa mtoto siku ya Idi. Hapo unaelewa kwa nini wengi walishangilia mapinduzi ya Januari 1971 yaliyomweka Amin madarakani. Angechorwa zimwi tangu mwanzo, tusingelijua hilo.

Ila kuna jambo linaniuma. Macdonald alijijengea jina kwa dokumentari. One Day in September, kuhusu mauaji ya wanamichezo wa Israel mjini Munich mwaka 1972, ilimpatia Oscar mwaka 2000. Touching the Void (2003) inabebwa na wapanda milima walionusurika Peru, wakisimulia yaliyowapata kwa vinywa vyao. Huyu anajua uzito wa neno la aliyekuwepo. Alipofika Kampala, waliokuwepo akawaweka nyuma. Kay, aliyekuwa mke wa Amin, alikutwa amekufa mwaka 1974, mwili umekatwa vipande. Filamu inakifunga kifo hicho na mapenzi yake na Garrigan, mtu ambaye hakuwahi kuishi. Kwangu mimi huko ni kumsingizia marehemu, na marehemu ana watoto na ukoo.

Mwishoni, kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe, Dk. Junju, daktari Mganda, anamtorosha Garrigan na kumwambia akauambie ulimwengu ukweli, kwa kuwa yeye ni mzungu, ataaminiwa. Watetezi husema hapo Macdonald amekiri tatizo lenyewe waziwazi. Nakubali, na ni maneno ya kijasiri. Lakini Junju anauawa kwa risasi, na sisi tunapandishwa ndege pamoja na Garrigan. Ningetaka tubaki chini, tuwasikie wenzake Junju.