Kifaru cha Ami na Halwa ya Barka

Ami yangu amekaa ndani ya vifaru vya jeshi la Oman sehemu kubwa ya maisha yake. Alianzia kwenye Chieftain, akamalizia kwenye Challenger 2, na tangu astaafu hajapata kuitazama filamu ya vita mpaka mwisho. Kifaru kikitokea tu, huinuka, huisogelea televisheni na kuanza kuikosoa: magurudumu haya ya wapi, mfuniko huu wa nini, huyu dereva mbona kakaa upande huo. Basi alipokaribia kutimiza miaka 70, na jamaa wote wa hapa Muscat wakawa wanabishana juu ya saa na udi, mimi nilikuwa nimeshaamua. Nitampa Challenger 2 ya plastiki, ile ya kuunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, niipake rangi ya mchanga, nimfikishie mkononi imekamilika.

"Kwani hakuviona vya kutosha?" akauliza Mama Mkubwa, mkewe. "Nilidhani tumeshaachana navyo."

Mtu wa namna ile humpi kifaru cha kubabaisha. Na Challenger 2 si kifaru cha kila duka. Ni cha Waingereza, na nchi nyingine iliyotoa fedha zake kukinunua ni Oman peke yake: 18 viliagizwa mwaka 1993, vingine 20 mwaka 1997. Ukraine walipata 14 mwaka 2023, lakini walipewa, na Ami hukazia sana hapo kwenye kupewa. Kwa hiyo ukitafuta modeli yake, boksi nyingi zinakuonyesha kile cha jeshi la Uingereza, hasa kilivyokuwa Iraq mwaka 2003. Cha kwetu kilirekebishwa kwa ajili ya joto. Nani ataliona hilo? Ami ataliona kabla hajavua viatu.

Nikampigia binamu yangu aliyeko Milton Keynes, Uingereza. Huyu ana chumba kizima cha modeli, na mke mwenye subira. Nilimuuliza swali dogo, "Ipi ni nzuri?", akanirudishia ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya Ijumaa.

Kwanza, alisema, ni skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko kifaru chenyewe. Ya 1/72 inaenea kiganjani, na kwa macho ya mzee wa miaka 70 utakuwa umempa mende. Ya 1/16 inataka meza yake peke yake. Chukua 1/35, ambayo ndiyo ya watu wote. Nikamuuliza hiyo 35 imetoka wapi, mbona si 30 wala 40. Akanieleza kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, walitengeneza modeli ya kifaru cha Panther yenye mota ndani, wakaikadiria ukubwa wa kutosha mota na betri zake. Walipokuja kupiga hesabu baadaye wakakuta ni kama 1/35. Dunia ikafuata. Nilifurahi kusikia kwamba fani nzima ya watu wazima imesimama juu ya betri.

Pili ni mnyororo. Kuna modeli zenye mnyororo wa mpira, unauvisha na kwenda zako. Challenger 2 ya Tamiya ni ya hivyo, na inaungana bila ugomvi. Kuna nyingine, mfano ile ya kampuni ya Rye Field, ambazo mnyororo wake ni viungo mbalimbali, unaviunga kimoja kimoja mpaka viwe vinazunguka kweli kwenye magurudumu. "Mnyororo wa kweli ni mzito, unalala," alisema binamu. "Wa mpira unaelea. Mtu aliyepanda kifaru ataujua."

Tatu ni mtutu. Wa plastiki mara nyingi huja nusu mbili, unazigundisha na kupiga msasa mpaka mstari ufutike. Wenye uchungu na kazi yao hununua mtutu wa alumini pembeni, uliochongwa kwa mashine. Na wa Challenger 2 una mifereji ndani, si laini kama wa vifaru vya Leopard 2 au Abrams ya sasa. Ni milimita 120 kwenye kifaru chenyewe; kwenye 1/35 tundu lake ni kama milimita 3.4, na binamu yangu alikuwa ananiambia kwa dhati kabisa kwamba Ami atachungulia humo kutafuta mifereji.

Nikasema mnyororo wa viungo sawa, mtutu wa alumini tusifanye harusi. Boksi nililoagiza ni la kampuni nyingine kabisa, nami sitaitaja kwa sababu haihusiki na yaliyotokea.

Ya kuunganisha nitayapitia haraka, maana yalikuwa marefu na hayana heshima. Kulikuwa na vipande vya shaba, vyembamba kuliko karatasi, vya kushikwa kwa kibano. Kimoja, wavu mdogo wa kufunika injini, kilichomoka kwenye kibano, kikalia *ti*, kikapotea. Tuliinua zulia. Tuliinua kochi. Mwishowe mke wangu akafungua mfuko wa mashine ya kufagilia na kuumwaga juu ya gazeti: karafuu mbili, kishaufu alichokuwa akimshuku dada yake tangu Idi, sarafu ya baisa 50, vumbi. Wavu hakuna. Kishaufu kilisababisha simu ndefu ya kuombana radhi, na mimi nikachonga wavu mwingine kwenye soksi ya nailoni.

Mnyororo ndio ulionila usiku. Viungo vile vidogo, kila kimoja na ncha zake za kusafisha, upande wa kulia na wa kushoto. Vilipokamilika nikavizungusha, vikazunguka, nikamwita kila mtu aje aone. Hatua iliyofuata kwenye karatasi ya maelekezo ilikuwa kufunga mabamba ya ubavuni, na mabamba ya Challenger 2 hufunika nusu nzima ya juu ya mnyororo. Nikayafunga. Kazi yangu ikabaki inajulikana kwangu na kwa Mola.

Siku yenyewe ikafika, Ijumaa ya Julai. Waliokaa Muscat wanaijua Julai. Mpango ulikuwa kupitia Barka kuchukua halwa, kuswali njiani, kisha kwenda Seeb kwa Ami, ambako wastaafu wenzake walikuwa wamealikwa chakula cha mchana. Kifaru niliketisha kiti cha nyuma ndani ya katoni iliyo wazi, mtutu umetokeza nje ya ukingo, binti yangu kando yake. Alikuwa na kazi moja tu: kisiteleze.

Halwa ya Barka ukiipata imetoka jikoni ni neema. Huchukua saa nzima na zaidi kwenye sufuria kubwa ya shaba, sukari na wanga na samli, mtu anakoroga bila kupumzika, zafarani na hiliki zinaingia mwishoni. Tulipata ya moto hasa, bakuli kubwa, huwezi kulipakata bila taulo. Binti yangu akalipokea akalichomeka kwenye katoni, mbele ya kifaru, chini ya mtutu. Ukilitazama kiuhandisi ni wazo zuri: kifaru hakikuteleza hata kidogo. Tukafika msikitini, tukaegesha juani maana kivuli kilikuwa kimeshawahiwa, tukafunga vioo, tukaingia kuswali. Khatibu siku hiyo alikuwa na mengi.

Tuliporudi garini, mke wangu alikitupia shali kile kifaru ili mzee asikione kabla ya wakati. Hakuna aliyefunua kutazama.

Kwa Ami tulikuta wazee sita wameketi chini kuzunguka sinia. Baada ya wali, Mama Mkubwa akaashiria, nikaleta kifaru na shali lake, nikakiweka katikati ya mkeka. Nikatoa maneno mawili matatu juu ya utumishi wake. Nikavuta shali.

Mtutu ulikuwa umeshuka. Haukuvunjika, haukupasuka, ulikuwa umelegea taratibu kuanzia katikati, ukafuata umbo la bakuli la halwa, ncha yake ikagusa mkeka.

Kimya. Kisha mzee mmoja, aliyekuwa fundi wa mitambo, akasema, "Mashallah. Kimerukuu."

Ami hakucheka. Alivaa miwani, akakisogeza kwake, akakigeuza huku na huku. Nilisubiri la mtutu. Akafungua kimfuniko cha juu, akachungulia.

"Birika liko wapi?"

"Birika gani, Ami?"

"La chai. Kifaru cha Kiingereza hakikosi birika." Akawageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Nikaelezwa, kana kwamba ni mtoto, kwamba tangu enzi za kifaru chao cha Centurion Waingereza huweka ndani ya vifaru vyao chombo cha umeme cha kuchemshia maji, ili askari wanne waliomo wapate chai na wapashe chakula bila kutoka nje. Nikasema modeli hii haina sehemu ya ndani. "Kwa hiyo ni gari tupu," akasema Ami, akafunga mfuniko.

Ndipo akaufikia mtutu. Akamwita mjukuu alete mkebe wake wa hesabu. Wazee sita na kipimapembe cha plastiki wakainama juu ya mkeka.

"Challenger 2 huteremsha mtutu nyuzi 10," Ami alitangaza. "Kuupandisha, 20. Huu wako ni," akakodoa, "thelathini na nne."

"Thelathini na sita," akasema mwingine.

"Umeshika kinyume, wewe. Ndiyo maana ulikuwa hupigi shabaha."

Hapo pakazuka mzozo wa zoezi fulani la zamani ambalo sikulielewa, na halwa ikaliwa yote wakati wa mzozo huo. Fundi wa mitambo ndiye aliyeturudisha kwenye mada. Plastiki iliyopindwa na moto hunyooshwa kwa moto, alisema, na akaagiza birika la umeme. Ami alifurahi: hatimaye kuna birika. Maji yalipochemka wakautumbukiza mtutu kwenye jagi, fundi akaushika kwa kitambaa na kuunyoosha. Ulinyooka vizuri, ila ulipita kipimo ukatazama juu. Mzee wa pili akasema apishwe, yeye ana mkono mwepesi. Akauteremsha, ukaelekea kushoto. Kila mmoja alipata zamu yake na kila mmoja aliacha kona yake. Mpaka alasiri mtutu ule ulikuwa na uwezo wa kupiga adui aliyejificha nyuma ya jengo.

"Mpigie huyo wa Uingereza," Ami akaniambia wakati tunaaga. "Alete wa chuma."

Ulikuja na mtu aliyekuwa anarudi Muscat, ndani ya kijaluba kidogo. Alumini safi, na kwenye tundu, wallahi, mifereji. Ami aliuchungulia kwa kioo cha kukuzia, akaguna mguno wa kuridhika ambao hata siku ya harusi yangu sikuusikia. Nikataka kuufunga. Akanitoa mkono. "Mtutu wa kifaru changu naufunga mwenyewe."

Nikamweleza kuwa gundi ya modeli hushika kwa kuyeyusha plastiki, kwa hiyo kwenye chuma haifai. Hapa ni supaglu, tone moja tu, kwa ncha ya kijiti. Akasema amepakia mizinga kabla sijazaliwa. Akaibinya chupa. Ilitoka ya kutosha kuzibia mtumbwi. Akauchomeka mtutu, akaushikilia kwa kidole gumba juu ya kichwa cha kifaru, akahesabu kijeshi mpaka thelathini, akainua mkono. Kifaru nacho kikainuka.

Alikaa kimya akikitazama kikining'inia. Nje adhana ya alasiri ikaanza, na udhu alikuwa hana.

Mama Mkubwa alikuwa ameshafika na pamba na chupa ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nikaruka. Hiyo ni asetoni, nikasema. Itamwachia kidole kweli, lakini plastiki hii inaila, kichwa chote cha kifaru kitayeyuka. Njia nyingine ni maji ya moto na sabuni, na subira.

"Subira ya muda gani?" akauliza Ami.

"Sijui, Ami. Wewe useme: kidole au kifaru?"

Ami akatazama gumba. Akatazama mtutu, ambao ulikuwa umesimama umenyooka sawasawa, nyuzi sifuri kabisa. Alifikiri kwa muda ambao Mama Mkubwa aliuona mrefu mno.

"Mimi niliolewa na kidole," akasema Mama Mkubwa, akamimina dawa yake.

Alama ya gumba ipo mpaka leo juu ya kichwa cha kile kifaru, kando ya mfuniko wa kamanda, imezama na mistari yake yote. Kimewekwa sebuleni chini ya televisheni. Wageni wakiuliza, Ami huwaambia hapo ndipo lilipopiga kombora, na kwamba waliokuwemo ndani waliendelea kunywa chai.